SOMO LA LUGHA: Neno KUPINGA na Kazi Zake

Leo tunasoma neno moja tu. Neno lenyewe ni KUPINGA.

Neno hili ni fupi, nanyi mnalisikia kila mara. Mnalisikia mkutanoni, mnalisikia redioni, na mnalikuta kwenye matangazo yanayobandikwa ukutani pa ofisi. Lakini tumeona kwamba watu wengi wanalikwepa. Wengine hudhani kupinga ni kugombana. Wengine hudhani ni kuwavunjia wakubwa heshima. Na wengine huliandika mahali pasipo pake, halafu karatasi ikasema jambo ambalo wao hawakulisema.

Maneno ya mdomoni hupita. Maneno yaliyoandikwa kwenye muhtasari wa mkutano hukaa, na watoto wetu watakuja kuyasoma. Kwa hiyo anayejua kusoma na kuandika analo jukumu la kulijua neno hili vizuri. Haya, tuanze.

1. MAANA YA KWANZA: KUWEKA KITU KIKINGAME

Kabla ya kuwa kazi ya mdomo, kupinga ni kazi ya mikono. Maana yake ni kuweka kitu kikingame ili kizuie njia. Mkiweka gogo likakingama barabarani, barabara mmeipinga. Usiku tunapinga mlango kwa mti ili fisi asiingie. Mti huo mdogo, au chuma hicho, huitwa kipingo. Na vile vyuma anavyofungwa mtu mikononi akikamatwa ni pingu, kwa sababu vinamzuia asitumie mikono yake.

Sasa tazameni jambo hili. Aliyepinga mlango wake hakubomoa nyumba ya mtu. Hakumpiga mtu wala hakumtukana. Ameweka mti tu. Anayekuja lazima asimame, apige hodi, aseme shida yake. Mwenye nyumba akiridhika naye, huondoa kipingo na mlango ukafunguka.

Kupinga kwa maneno ni hivyo hivyo. Jambo linakuja. Wewe unaweka sababu yako mbele yake, ikingame. Jambo hilo lisimame kwanza, lijieleze. Likijieleza vizuri, unaweza kuondoa kipingo chako. Lisipojieleza, halipiti. Ndiyo maana tunasema kupinga si kugombana. Mwenye kugombana anataka kumshinda mtu. Mwenye kupinga anataka jambo lisipite kabla halijatazamwa.

2. JAMAA ZA NENO HILI

Neno kupinga lina jamaa wengi. Someni kila sentensi kwa sauti.

KUPINGA: Wazee walipinga mpango wa kukata miti ya chanzo cha maji.

KUPINGWA: Mpango ule ulipingwa na wazee.

KUPINGANA: Maneno ya shahidi wa kwanza na ya shahidi wa pili yanapingana. (Yaani hayaendi pamoja. Huyu anasema asubuhi, yule anasema jioni.)

KUPINGIKA: Ukweli huu haupingiki. (Yaani hakuna awezaye kuupinga.)

PINGAMIZI: Nimeleta pingamizi langu kwa maandishi. Wakiwa wengi: Tumeleta mapingamizi yetu.

MPINZANI: Katika uchaguzi ule alikuwa na mpinzani mmoja. Wakiwa wengi: wapinzani.

UPINZANI: Tangu mwaka 1992 sheria ya nchi yetu ya Tanzania inaruhusu vyama vingi, na uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama hivyo ulifanyika mwaka 1995. Vyama visivyoshika serikali huitwa vyama vya upinzani.

BILA KUPINGWA: Mgombea yule alipita bila kupingwa. (Maana yake hakuwapo mgombea mwingine wa kushindana naye. Haina maana kwamba watu wote wanampenda.)

Shikeni vizuri maelezo ya sentensi hii ya mwisho, maana tutairudia tukifika mkutanoni.

3. MAJIRANI WANAOCHANGANYWA

Yapo maneno manne yanayokaa jirani na kupinga. Watu huyachanganya. Kila moja lina shamba lake.

KUKATAA ni kusema hutaki wewe mwenyewe. Nimekataa kuuza ng'ombe wangu. Hapo hauzuii watu wengine kuuza ng'ombe wao.

KUKANA ni kusema jambo hukulifanya, au kitu si chako. Mshtakiwa alikana shtaka. Ukiulizwa mahakamani kama uliiba, nawe hukuiba, huwezi kusema "ninapinga." Utasema "si kweli," na karani ataandika kwamba umekana.

KUKANUSHA ni kusema habari iliyoenezwa si ya kweli. Mganga wa zahanati alikanusha uvumi kuhusu chanjo. Yeye hakupinga chanjo. Alikanusha uvumi. Ukiandika kwamba "mganga alipinga chanjo," umewatia wazazi hofu bure, na mtoto anaweza kukosa chanjo kwa ajili ya neno moja.

KUBISHA ni kushindana kwa maneno. Mtu anaweza kubisha mchana kutwa bila sababu yoyote, kwa kuwa tu hapendi kushindwa. Vijana hubishana juu ya mpira, nao hucheka na kuagana. Kubisha hakuhitaji sababu. Kupinga kunahitaji sababu.

Kwa kifupi: unakataa la kwako, unakana la kusingiziwa, unakanusha la uvumi, unabisha la mazungumzo, na unapinga shauri au uamuzi unaowagusa watu.

4. HERUFI MOJA TU

Ndugu wasomaji, angalieni sana herufi N.

Wanakijiji walipiga kura.
Wanakijiji walipinga kura.

Sentensi ya kwanza inasema watu walichagua. Sentensi ya pili inasema watu walikataa kura yenyewe isifanyike. Tofauti ni N moja! Mwenye haraka ya kuandika anaweza kuiacha au kuiongeza, na habari yote ikageuka. Ukimaliza kuandika barua au muhtasari, soma tena polepole huku ukifuatisha kwa kidole. Hakuna aibu katika kufuatisha kwa kidole. Aibu ni kutia sahihi jambo usilolisema.

5. KUPINGA HAKUHITAJI MSAIDIZI

Siku hizi tunasikia watu wakisema "tunapinga dhidi ya ukatili." Si sawa. Neno DHIDI YA lenyewe lina maana ya kuelekea kinyume cha kitu, na neno kupinga lina maana hiyo hiyo. Ukiyaweka pamoja ni kama kufunga mbuzi mmoja kwa kamba mbili kwenye mti mmoja.

Semeni: Tunapinga ukatili.
Au: Tunapigana dhidi ya ukatili.

Kila mwaka, kuanzia tarehe 25 Novemba mpaka tarehe 10 Desemba, huwa kuna siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia. Tazameni jinsi jina hilo lilivyo: kupinga ukatili. Basi.

Lakini KUPINGANA hutaka NA. Jambo hili linapingana na sheria ndogo za kijiji. Hapo NA ni ya lazima.

Tena, pingeni jambo, msimpinge mtu. Linganisheni:

Ninampinga Mwenyekiti.
Ninapinga pendekezo la Mwenyekiti.

Sentensi ya kwanza inaleta uadui, maana inamgusa yeye na nyumba yake. Sentensi ya pili inaleta mazungumzo. Kesho pendekezo litabadilishwa, nanyi mtaendelea kusalimiana na kuzikana kama kawaida.

6. SIKUPINGA AU SIJAPINGA?

Hapa pana siri kubwa ya lugha yetu. Someni:

Sikupinga. (Jambo limekwisha. Nafasi ilikuwapo, nami sikuitumia.)

Sijapinga. (Mpaka sasa bado. Huenda nikapinga, huenda nisipinge.)

Sipingi. (Sina kipingo. Jambo na liende.)

Maneno haya matatu yote ni ya kukanusha, lakini hayalingani hata kidogo. Anayesema "sipingi" amefungua mlango. Anayesema "sijapinga" bado ameshika kipingo mkononi. Na anayesema "sikupinga" anaeleza ya jana. Mtu akikuletea karatasi yenye neno "hakupinga," nawe moyoni unajua ni "hajapinga," usitie sahihi mpaka neno lisahihishwe.

7. NENO HILI KATIKA MKUTANO WA KIJIJI

Sasa tufike mkutanoni. Tumetunga mazungumzo yafuatayo kwa ajili ya somo. Someni kwa zamu katika kikundi chenu: mmoja awe Mwenyekiti, mmoja awe Mama, mmoja awe Mtendaji, na mmoja awe Mzee.

MWENYEKITI: Ndugu wananchi, mmesikia. Huyu mgeni wetu anaomba ekari 40 kule bondeni, alime alizeti. Je, kuna anayepinga?

(Watu kimya.)

MWENYEKITI: Hakuna. Haya, Mtendaji, andika. Ombi limepita.

MAMA: Ndugu Mwenyekiti, naomba nafasi.

MWENYEKITI: Ehe, Mama, sema.

MAMA: Mtendaji anaandika nini hapo?

MTENDAJI: Naandika, "Hakuna aliyepinga. Mkutano umekubali."

MAMA: Mimi sijapinga, baba. Lakini sijakubali vilevile. Nilikuwa nataka kuuliza. Njia ya ng'ombe kwenda lamboni inapita bondeni humo humo. Akipewa ekari hizo, ng'ombe watapita wapi?

MZEE: Hilo ni neno. Hata mimi nilinyamaza kwa kuwa sikujua ekari 40 zinaanzia wapi na kuishia wapi.

MWENYEKITI: Lakini nimeuliza kama kuna anayepinga, nanyi mkanyamaza!

MAMA: Umeuliza wanaopinga, Ndugu Mwenyekiti. Hukuuliza wanaokubali.

MWENYEKITI: Kweli. Basi tuanze upya. Mtendaji, futa. Tupime mipaka kwanza, tuone na njia ya ng'ombe. Mkutano ujao nitauliza maswali mawili: nani anakubali, nani anapinga. Tutahesabu mikono.

Ndugu wasomaji, Mama yule amefanya kazi kubwa. Ametuonyesha kwamba kati ya kukubali na kupinga pana mahali pa tatu, napo ni mahali pa kuuliza. Watu wengi wanaonyamaza mkutanoni wako hapo. Hawajakubali, wala hawajapinga. Wanataka kuelewa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga.

Jambo hili si la adabu ya mkutano peke yake, ni la sheria pia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila kibali cha Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kibali! Kibali kinatokana na kukubali. Kunyamaza hakutoi kibali. Na Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wenu: kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wake, mwanamume na mwanamke, tajiri na maskini.

Kwa hiyo linganisheni mihtasari hii miwili:

WA KWANZA: "Ombi la ardhi lilijadiliwa. Hakuna aliyepinga."

WA PILI: "Ombi la ardhi lilijadiliwa. Mipaka ilielezwa. Waliokubali ni 74. Waliopinga ni 31. Sababu za waliopinga ni njia ya ng'ombe na maji ya lambo. Mkutano umekubali, kwa sharti kwamba njia ya ng'ombe iachwe wazi."

Hesabu hizo ni za mfano tu. Lakini angalieni: muhtasari wa kwanza hausemi nani alikubali. Mtu anaweza kuutumia apendavyo. Muhtasari wa pili una kila kitu. Umewataja waliopinga, na sababu zao zimeandikwa. Waliopinga walishindwa kwa kura, lakini kazi yao haikupotea. Kwa ajili yao limeingia lile sharti la njia ya ng'ombe. Kama wangenyamaza, ng'ombe wangekosa njia.

Mkutano ukisomewa muhtasari wa mkutano uliopita, sikilizeni kwa makini. Huo ndio wakati wa kusema, "Ndugu Mwenyekiti, neno hilo lisahihishwe." Muhtasari ukishathibitishwa, ni vigumu kuurudia.

8. KUPINGA KWA MAANDISHI

Kupinga kwa mdomo hutosha mkutanoni. Kwingine hutakiwa maandishi, na pingamizi hilo huwa na siku zake. Siku zikipita, mlango umefungwa. Tutaje mambo mawili.

La kwanza ni ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa kwa msajili siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa. Siku hizo si za kushona nguo na kununua mchele tu. Ni siku za kuleta pingamizi. Mwenye sababu ya kweli inayoizuia ndoa hiyo kisheria anaweza kuipeleka, kwa mfano kama mmojawapo ana ndoa nyingine isiyoruhusu ndoa ya pili. Hata mke aliyeko katika ndoa ya wake wengi anaweza kupinga mume wake asioe tena, akionyesha kwamba kwa mapato ya mume huyo, mke mwingine ataleta dhiki kwake na kwa watoto. Akina mama wengi hawalijui jambo hili. Wanalia jikoni, siku 21 zinapita.

La pili ni hukumu. Ukishindwa kesi katika Mahakama ya Mwanzo, nawe huridhiki, huwezi kuipinga hukumu kwa kulalamika barabarani. Unaipinga kwa KUKATA RUFAA. Rufaa hiyo inakwenda Mahakama ya Wilaya, nayo hutakiwa ipelekwe ndani ya siku 30. Siku ile ile ya hukumu, andika tarehe kwenye daftari lako na uanze kuhesabu.

Sasa, barua ya kupinga inaandikwaje? Lazima ijibu maswali manne: Ninapinga nini? Kwa nini? Ninataka nini kifanyike? Mimi ni nani? Huu hapa mfano:

        Kitongoji cha ..............
        Kijiji cha ..............
        Tarehe ..............

Mwenyekiti wa Kijiji,
Kijiji cha ..............

Ndugu,

YAH: KUPINGA MPAKA MPYA WA SHAMBA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa kitongoji hiki. Ninapinga mpaka mpya uliowekwa kati ya shamba langu na shamba la jirani yangu tarehe ..............

Sababu zangu ni mbili. Kwanza, mpaka wa zamani ni mstari wa minyaa iliyopandwa na marehemu baba, na wazee watatu wa kitongoji wanaujua. Pili, siku ya kupima sikuitwa.

Ninaomba mpaka upimwe upya mbele ya wazee hao, mbele ya jirani yangu, na mbele yangu.

Wako katika ujenzi wa kijiji,
(Sahihi na jina)

Barua hii ni fupi. Haina tusi. Haimtaji jirani kwa ubaya. Haielezi habari za bibi na babu wala ugomvi wa kisimani. Inaweka kipingo kimoja, mahali pamoja, kwa sababu mbili. Andika nakala mbili. Moja peleka ofisini, na ya pili iwekwe sahihi na tarehe na aliyepokea, kisha uihifadhi nyumbani kwako. Kama huko ofisini jambo halikutengenezeka, kijiji kina Baraza la Ardhi. Lina wajumbe saba, na watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kuwasuluhisha watu.

9. JE, KUPINGA NI UBAYA?

Lipo jina ambalo wazee wetu wanalikumbuka vizuri: MPINGA MAENDELEO. Miaka ya nyuma, mtu akiitwa hivyo mkutanoni, alikaa chini na asiseme tena. Hata leo jina hili hutumika. Mtu akiuliza habari ya fedha za mchango, huambiwa, "Huyu ni mpinga maendeleo."

Hebu tulitazame jina hili kama tulivyojifunza. Anayepinga hupinga jambo fulani, kwa sababu fulani. Basi mwulizeni anayelitumia jina hilo: "Huyu amepinga jambo gani? Na sababu yake ni ipi?" Kama mtu amesema darasa lijengwe lakini hesabu isomwe kwanza, hakupinga darasa. Ametaka hesabu. Kumwita mpinga maendeleo ni kumsingizia, naye ana haki ya kukanusha. (Mnaona? Kukanusha, si kupinga!)

Historia ya nchi yetu nayo inatufundisha. Mwezi Julai mwaka 1905, watu wa Nandete, katika milima ya Matumbi, waling'oa pamba waliyokuwa wakilazimishwa kulima na serikali ya Wajerumani. Kung'oa kule kulikuwa kupinga kwa mikono, na ndiko kulikoanzisha Vita vya Maji Maji. Vita vile viliendelea mpaka mwaka 1907, na watu wengi sana walikufa kwa risasi na kwa njaa.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1951, serikali ya Waingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi ile ipewe walowezi. Wameru walipinga, lakini safari hii walipinga kwa karatasi. Walichanga fedha zao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri mpaka New York, akaeleza shauri lao mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Umoja wa Mataifa haukuwaamuru Waingereza wairudishe ardhi ile. Hata hivyo maneno ya watu wa kijijini yalikuwa yamesikika mbele ya mataifa, na yaliandikwa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1954, TANU ikaundwa, na nchi nzima ikaanza kupinga ukoloni kwa hoja mpaka Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961.

Kwa hiyo kupinga kwenyewe si kubaya wala si kuzuri. Kipingo cha mlango humzuia fisi, na humzuia mgeni mwema vilevile. Inategemea aliyekiweka na sababu aliyokiwekea. Mtu anayepinga kisima kwa sababu ya wivu anawanyima watoto maji. Mtu anayepinga wizi wa saruji anawalinda. Wote wawili wamesema "ninapinga." Kitakachowatofautisha ni sababu, nayo hatuwezi kuijua mpaka tuwape nafasi ya kuisema. Na wewe unayepinga, ukijibiwa kwa haki ukaridhika, ondoa kipingo chako mbele ya watu. Sema, "Ndugu Mwenyekiti, nilikuwa napinga. Sasa nimeelewa, sipingi tena." Hapo utakuwa umejenga heshima yako, na siku nyingine ukipinga watakusikiliza.

10. MAZOEZI

A. Jaza nafasi kwa neno moja kati ya haya: alikana, alikataa, alikanusha, alipinga.

1. Mwalimu ............. uvumi kwamba shule itafungwa.
2. Mshtakiwa ............. shtaka la kuiba mahindi.
3. Mama ............. kuuza kuku wake.
4. Mjumbe ............. pendekezo la kuongeza mchango, akatoa sababu tatu.

B. Sahihisha sentensi hizi.

5. Tunapinga dhidi ya ndoa za watoto.
6. Jana wananchi walipinga kura kwa amani, wakamchagua Mwenyekiti mpya.

C. Mjadala wa kikundi.

7. Mkutano wa mwisho wa kijiji chenu uliamua nini? Je, Mwenyekiti aliuliza wanaopinga tu, au aliuliza na wanaokubali?
8. Je, muhtasari ulisomwa? Nani aliusikia neno kwa neno?

MAJIBU: (1) alikanusha. (2) alikana. (3) alikataa. (4) alipinga. (5) Tunapinga ndoa za watoto. (6) Jana wananchi walipiga kura kwa amani, wakamchagua Mwenyekiti mpya.

Majibu ya swali la 7 na la 8 hatunayo sisi. Mnayo ninyi wenyewe, na mengine yamo katika daftari la ofisi ya kijiji chenu. Nendeni mkaombe lisomwe.